SOMO: MWANACHAMA ALIYEUMIA KATIKA UZAZI NA WAJIBU WA CHAMA

Njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora. Mpagazi aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa nyuma, na msafara ukaendelea. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na enzi ya wapagazi ikaisha. Hata hivyo, vijijini wapo bado walioachwa nyuma: wanawake wenye fistula ya uzazi. Somo hili lawahusu wao, na lamhusu kila katibu wa chama cha msingi.

1. Chanzo cha ugonjwa
Fistula ni tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mkojo, au kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Uchungu ukikwama, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi, pengine siku mbili au tatu. Damu haipiti, nyama hufa, kisha hutoboka. Mara nyingi mtoto naye hufariki. Tangu hapo mkojo humtoka mama usiku na mchana bila kuzuilika. Basi huu si uchawi, si laana, si malipo ya uzinzi, wala hauambukizi.

2. Tiba
Anayevuja baada ya kujifungua apelekwe hospitali mara moja. Tundu dogo likiwahiwa huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Tundu la siku nyingi hushonwa kwa upasuaji, na wengi hupona, hata walioteseka miaka mingi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, na ya CCBRT, Dar es Salaam, zimejulikana kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 CCBRT ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa njia ya simu, kwa maana ilionekana kwamba tiba ya bure haimfai asiye na nauli ya kuifuata.

3. Baada ya kurudi nyumbani
Mama anywe maji mengi. Asibebe kuni, ndoo wala mafungu ya tumbaku, na asikutane na mumewe kwa muda alioagizwa na daktari, ambao kwa kawaida haupungui miezi mitatu. Hapa ndipo penye hatari. Wakati wa kuchuma tumbaku na kujaza bani, kila mkono hutakiwa shambani. Lakini mshono ukiachia, tundu hurudi. Mume na wakwe waelezwe hayo mapema. Mimba ifuatayo ifuatiliwe kliniki, na mama ajifungulie hospitali, aghalabu kwa upasuaji.

4. Wajibu wa chama
Tuchukue mfano. Mwanachama mwanamke hajaonekana mikutanoni misimu miwili, wala hakuleta tumbaku. Katibu mzembe huandika daftarini: "Amejitoa." Katibu mwema humwomba mwanachama mwanamke mwenye busara aende akamjulie hali. Akikutwa mgonjwa, jina lake na hisa zake zibaki daftarini, na maradhi yake yasitajwe mkutanoni bila ridhaa yake.

Kujali jamii ni miongoni mwa kanuni saba za ushirika zilizokubaliwa duniani mwaka 1995. Lakini fedha ya chama haitoki kwa huruma ya katibu peke yake. Nauli ya wagonjwa iwekwe katika makisio, ipitishwe na mkutano mkuu, na itolewe kwa hati. Chama kiwe pia na mpango wa usafiri kwa mama mwenye uchungu. Jua lisimchwee akingali nyumbani, kwani kinga ya fistula ni kufika hospitali mapema.

Maswali ya kujadili
(a) Je, daftari la wanachama lina majina yaliyofutwa bila mtu kuulizwa sababu?
(b) Mwenye uchungu usiku wa manane atafikaje hospitali, na nani atamlipia nauli?
(c) Mama aliyerudi kutoka kwenye upasuaji, ni nani atakayemsaidia shamba lake msimu huu?