Mwanga Unaowakawaka katika Filamu: Jinsi ya Kumlinda Mwenye Kifafa



Jua linapozama Mbagala, Tandika, Manzese au Mwananyamala, vibanda vya kuonyeshea filamu, ambavyo wananchi huviita vibanda umiza, huanza kujaa watu. Ndani huwa giza, kwa kuwa madirisha yamezibwa kwa turubai au pazia zito ili picha ionekane vizuri. Watu wazima hubanana katika mabenchi ya nyuma. Watoto, kwa sababu ni wafupi, huketishwa mbele kabisa, hatua moja au mbili kutoka kwenye runinga. Kwa watazamaji walio wengi, hiyo ni burudani ya bei nafuu. Kwa wachache, giza hilo pamoja na ukaribu huo na mwanga wa picha vinaweza kusababisha kuanguka kifafa.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya hao wachache, wazazi wao, na wote wanaoketi nao benchi moja. Jambo kuu tunalotaka msomaji alishike ni hili: onyo kuhusu mwanga halisafiri pamoja na nakala ya filamu. Kwa hiyo mlaji anapaswa kuuliza kabla ya kulipa, na mwonyeshaji anapaswa kuwa na jibu.

Kifafa kinachochochewa na mwanga

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno, na umeme huo unapovurugika ghafla, mtu huweza kupoteza fahamu, kukakamaa na kutupa mikono na miguu. Wapo pia wanaoduwaa kwa sekunde chache tu kisha wakaendelea na shughuli zao. Ugonjwa huu hauna uhusiano na mapepo wala laana, na hauambukizi.

Wenye kifafa walio wengi hawadhuriwi na mwanga. Katika nchi za Ulaya hukadiriwa kwamba takribani watu 3 katika kila 100 wenye kifafa ndio ambao ugonjwa wao huchochewa na mwanga unaowaka na kuzimika kwa haraka. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto wakubwa na vijana, na huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana. Hao ndio wapenzi wakubwa wa filamu, michezo ya runinga na video za muziki.

Mwanga wa hatari zaidi ni ule unaowaka na kuzimika kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya mara 15 na 25. Rangi nyekundu iliyokolea huongeza hatari. Vilevile mistari myeusi na myeupe inayopishana, hasa ikiwa inatembea, huweza kuleta madhara yaleyale. Katika filamu mambo haya hujitokeza kwenye milio ya bunduki usiku, milipuko, radi, taa za disko, ving'ora vya magari ya polisi, na picha zinazokatwa na kubadilishwa upesi.

Zipo dalili ambazo mzazi hapaswi kuzipuuza: mtoto kuduwaa au kupepesa kope mfululizo mbele ya runinga, mtoto kuvutwa na mwanga hadi kuisogelea runinga mno, au kijana kushtuka mikono asubuhi baada ya kuamka, hata kikombe cha chai kikamponyoka. Wengi hudhani huo ni uzembe. Mtoto wa namna hiyo apelekwe katika zahanati au kituo cha afya, ili ikibidi apewe rufaa ya kwenda hospitali kubwa, kama vile Mwananyamala, Temeke au Muhimbili.

Yaliyotokea kwingine

Tarehe 16 Disemba 1997, watoto wengi nchini Japani walikuwa wakitazama kipindi cha katuni cha Pokémon katika televisheni. Katika tukio moja la mlipuko, rangi nyekundu na buluu zilipishana takribani mara 12 kwa sekunde, kwa muda wa sekunde chache tu. Jioni hiyo watazamaji 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini. Wengi miongoni mwa walioanguka hawakuwahi kuanguka kabla ya siku ile, na familia zao hazikujua kwamba wana hali hiyo.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1993, tangazo moja la biashara katika televisheni ya Uingereza liliwaangusha watazamaji watatu. Baada ya tukio hilo, nchi hiyo iliweka kanuni za mwanga kwa vipindi na matangazo ya televisheni: kwa kawaida mmuliko mkali usizidi mara 3 kwa sekunde. Japani nayo iliweka kanuni zake baada ya tukio la 1997.

Mwaka 2018 filamu ya katuni ya Incredibles 2 ilipoanza kuonyeshwa Marekani, watazamaji na chama cha kuwatetea wenye kifafa walilalamikia matukio yenye mwanga mkali unaowakawaka. Kampuni iliyoitoa iliwataka wenye majumba ya sinema kubandika onyo mlangoni.

Tunaona funzo katika matukio haya. Katuni zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya watoto na familia. Daraja la umri humwarifu mzazi kuhusu vita, matusi na mambo ya faragha. Halimwarifu kuhusu mwanga. Filamu inayoruhusiwa kwa kila mtu inaweza kuwa ndiyo yenye mmuliko mkali kuliko zote.

Kwa nini onyo hupotea njiani

Onyo lililobandikwa katika mlango wa jumba la sinema hubaki mlangoni. Filamu ileile inaponakiliwa, ikapita kwenye diski, flashi au simu, ikatiwa sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili, kisha ikafika katika kibanda cha Yombo au Tandale, karatasi ile ya onyo haiji nayo. Hata onyo lililoandikwa mwanzoni mwa filamu huweza kukatwa, au kurukwa ili filamu ianze mapema, au kubaki katika lugha ambayo mtazamaji haisomi.

Hapa nchini, filamu na maonyesho yake husimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Mlaji anayetazama filamu iliyopita katika njia halali ana mahali pa kuanzia anapotaka kuuliza au kulalamika. Anayetazama nakala ya magendo hana. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kuepuka nakala hizo, mbali na haki ya msanii kupata jasho lake.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa Kumlinda Mlaji, uliopitishwa mwaka 1985, unatambua kwamba mlaji anastahili usalama na taarifa za kumwezesha kuchagua. Kiingilio cha kibanda, hata kiwe kidogo namna gani, ni malipo ya huduma. Aliyelipa amekuwa mlaji, na ana haki ya kujua anachouziwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tunamshauri mlaji mwenye kifafa, au mzazi wake, amuulize mwonyeshaji:

1. Je, filamu hii ina mwanga unaowakawaka, milipuko mingi au taa za disko? Sehemu gani?
2. Je, naweza kuketi nyuma, karibu na mlango?
3. Je, taa moja inaweza kuachwa ikiwaka ukumbini?
4. Nikilazimika kutoka, je, nitaruhusiwa kurudi kwa kiingilio kilekile?

Mwonyeshaji asiyejua jibu la swali la kwanza hajaitazama filamu yake. Katika hali hiyo ni heri mtu aiache filamu hiyo, au amtangulize ndugu aliye mzima aitazame kwanza.

Kujilinda wakati wa kutazama

Ubongo hudhurika zaidi mwanga unapojaza sehemu kubwa ya macho. Kwa hiyo umbali ni kinga. Nyumbani, mtoto akae mita 2 au zaidi kutoka kwenye runinga, na runinga kubwa huhitaji umbali zaidi. Runinga za zamani, zile zinazoitwa za chogo, huwakawaka zenyewe kwa kasi ya umeme, hivyo kuzikaribia ni hatari zaidi. Runinga bapa haziwakiwaki namna hiyo, lakini haziwezi kuondoa mmuliko uliomo ndani ya filamu yenyewe.

Chumba kisiwe giza. Taa iwashwe na mwanga wa runinga upunguzwe. Kijana asitazame akiwa amekesha, ana njaa, amekunywa pombe au ameruka dozi ya dawa, kwa maana mambo haya humsogeza karibu na kuanguka. Dawa za kifafa zisiachwe kwa sababu tu mtu amekaa miezi mingi bila kuanguka. Ni daktari pekee wa kuamua hilo. Wengi wenye kifafa cha namna hii hupata nafuu kubwa kwa dawa.

Mmuliko ukitokea ghafla, mtazamaji afunike jicho moja kwa kiganja, alizibe kabisa, na ageuze uso pembeni. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa kuwa mwanga mkali hupenya kwenye kope. Kuziba jicho moja hupunguza sana nguvu ya mwanga unaoufikia ubongo. Watoto wafundishwe kitendo hiki mapema, kama wanavyofundishwa kuvuka barabara.

Mtu akianguka ukumbini

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto. Walikuwa wameangukia mekoni, na waliokuwepo waliogopa kuwagusa wakiamini kwamba mate na povu huambukiza kifafa. Woga huo haujaisha. Tunasisitiza: povu la mwenye kifafa haliambukizi kifafa. Anayeogopa kumgusa mgonjwa humwongezea jeraha ambalo ugonjwa wenyewe haukulileta.

Mtu akianguka, fanyeni hivi:

1. Simamisheni filamu na washeni taa.
2. Angalieni saa tangu anapoanza kutikisika.
3. Ondoeni mabenchi, chupa na nyaya zilizo karibu naye. Wekeni nguo laini chini ya kichwa chake na mlegezeni kola.
4. Msimbane mikono wala miguu. Msimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Msimpe maji wala dawa, wala msimnusishe kitu chochote.
5. Mtikisiko ukipungua, mlazeni ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.
6. Waondoeni watazamaji wanaomzonga na wanaopiga picha kwa simu. Mmoja abaki naye, amwite kwa jina lake kwa upole hadi fahamu zirudi.

Mpelekeni hospitali mara moja ikiwa mtikisiko umezidi dakika 5, ukirudi kabla hajapata fahamu, akiwa ameumia, akiwa mjamzito, akishindwa kupumua vizuri, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kuanguka. Akiwa ni mtoto mdogo mwenye homa, huenda ni degedege, nalo pia ni la kupelekwa hospitali bila kukawia.

Kwa wenye vibanda

Yapo mambo machache yanayoweza kuokoa mtu bila gharama kubwa: kuitazama filamu kwanza, kuandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, chini ya jina la filamu, maneno "Filamu hii ina mwanga unaowakawaka", kurudisha benchi la mbele nyuma, kuacha taa moja ikiwaka, na kuacha njia ya kutokea iwe wazi. Mtafsiri naye, ambaye sauti yake ndiyo inayosikika kuliko zote, anaweza kutoa tahadhari sekunde chache kabla ya tukio lenyewe. Mlaji akikuta mwonyeshaji anayekataa hata kuulizwa, apeleke malalamiko katika ofisi ya serikali ya mtaa au kwa Afisa Utamaduni wa manispaa.

Hatusemi kwamba mwenye kifafa asitazame filamu. Kumfungia ndani mtoto wakati wenzake wanacheka jirani ni adhabu asiyostahili. Tunachosema ni kwamba aketi mahali panapomfaa, aambiwe kilichomo, na azungukwe na watu wanaojua la kufanya.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika mkutano wa mtaa

1. Kwa nini daraja la umri la filamu halitoshi kumlinda mtoto mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga?
2. Kwa nini ni afadhali kuziba jicho moja kwa kiganja kuliko kufumba macho yote mawili?
3. Katika kibanda kilicho karibu nawe, watoto huketi umbali gani kutoka kwenye runinga? Nani atazungumza na mwenye kibanda?
4. Mtu akianguka leo mbele yako, ni jambo gani ulilokuwa ukilifanya zamani ambalo sasa hutalifanya?