Jina Venseslaus na Majina ya Nyumbani



Venseslaus, Stanislaus, Ladislaus: nchini mwetu tunayaita majina ya Kikristo. Lakini hayamo katika Biblia, wala asili yake si Kilatini. Kilatini kiliyapokea tu na kuyaongezea mkia wa -us. Ni majina ya nyumbani ya Waslavi.

Kwa Kicheki, Venseslaus ni Václav. Umbo lake la kale lina maneno mawili: la kwanza maana yake “zaidi”, na la pili, slava, maana yake “utukufu” au “sifa”. Waslavi waliwapa watoto majina ya namna hii hata kabla ya kuipokea Injili. Ludmila, bibi aliyemlea Venseslaus katika imani, naye ni mtakatifu, na jina lake ni “mpendwa wa watu”.

Venseslaus alitawala Bohemia katika karne ya 10 akauawa kwa njama ya ndugu yake, Boleslav. Tunamkumbuka tarehe 28 Septemba. Ajabu ni kwamba jina Boleslav nalo lina maana ya “sifa zaidi”! Ndugu wawili, maana karibu ileile. Mmoja mfiadini, mwingine muuaji wake. Basi jina liliingia katika kalenda ya Kanisa kwa sababu ya mtu aliyelibeba.

Kwetu Afrika Mashariki imekuwa hivyo kwa Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Lwanga ni jina la Kiganda. Leo hata wasio Waganda huwaita watoto wao Lwanga, na hakuna paroko anayeshangaa.

Sasa tuangalie Handeni na Korogwe. Wazigua wana majina yanayoanza na Se-, Wasambaa She-, kiambishi chenye maana ya “baba wa”. Sheuta, kwa mfano, ni “baba wa uta”, yaani upinde. Siku ya ubatizo wazazi wengine huliacha jina la babu nje ya mlango wa kanisa, wakidhani sheria inadai hivyo. Haidai. Kanuni ya 855 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Jina la laana au la kuwaita mizimu halifai. Mengine waulizwe wazee maana yake kwanza, kisha paroko aelezwe mapema, kabla ya siku ya ubatizo.