Ofisi Tulivu, Huduma Bora: Somo la Kupanga Chumba cha Kumhudumia Mwananchi

Chukua mfano wa mama anayetoka Etago kwenda mjini Kisii kuulizia fomu ya basari ya mtoto wake. Ameacha kazi ya shamba, amelipa nauli, na anatarajia kurudi kabla ya mvua ya alasiri. Akifika anakuta milango minne isiyo na maandishi. Watu wamejaa kwenye ujia, na hajui kama wako kwenye foleni au wanawangoja wenzao. Anaelekezwa mlango wa tatu, kisha anarudishwa wa kwanza. Mvua inaanza, mabati yanavuma, na jina lake linapoitwa halisikii. Anayemfuata anaingia. Hakuna aliyemtukana wala kumwomba hongo, lakini siku yake imepotea. Ikiwa ndiyo siku ya mwisho ya kupokea fomu, mtoto naye amepoteza nafasi.

Somo hili linaeleza jinsi mpangilio wa chumba unavyoweza kuzuia hasara kama hiyo, na hatua ambazo ofisi ndogo inaweza kuchukua bila gharama kubwa.

Kwa nini mpangilio ni sehemu ya huduma

Kifungu cha 232 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka utumishi wa umma utoe huduma kwa haraka, kwa ufanisi na bila upendeleo. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma. Haki hizi hutimizwa au huvunjwa mlangoni, kwenye benchi na mbele ya meza ya afisa.

Mwaka 1985 David Maister aliandika makala kuhusu saikolojia ya foleni. Alieleza kwamba kungoja bila kujua utahudumiwa lini huonekana kurefu kuliko kungoja muda unaojulikana, na kwamba anayeona wengine wakipita mbele yake huumia zaidi hata kama saa ni zile zile. Fujo nyingi za ofisini huanzia hapo. Watu husongamana mlangoni kwa sababu hawaamini kwamba zamu yao italindwa.

Mfano wa karibu: Huduma Centre

Kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi, katika jengo la Posta Kuu, tarehe 7 Novemba 2013. Awali mwananchi alitafuta kitambulisho ofisi moja, cheti cha kuzaliwa ofisi nyingine, na cheti cha polisi kwingineko. Vituo hivi viliweka huduma hizo chini ya paa moja, na leo Kisii na Nyamira zina vya kwao.

Anayeingia hukutana na mtu wa kumwelekeza, hupewa nambari, huketi, kisha huitwa kwenye kaunta iliyo wazi. Si lazima amjue mtu ndani. Nambari ndiyo inayomlinda, awe mwalimu, mwendesha bodaboda au nyanya aliyekuja kwa mara ya kwanza.

Mfano wa Mbeya: maneno matano

Nchini Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi. Watanzania waliupa maneno matano, na kila moja linafaa ofisi yoyote.

Sasambua: tenganisha vinavyohitajika na visivyohitajika. Kompyuta zilizokufa, viti vilivyovunjika na makaratasi ya zamani visikae chumba cha kuhudumia watu. Mali ya umma hufuata taratibu za uondoaji, na kumbukumbu hupelekwa masijala.

Seti: kila kitu kiwe na mahali pake. Faili zipangwe kwa wadi au kwa mwaka, ziandikwe ubavuni, ili afisa asimwambie mtu arudi kesho kwa kuwa faili haionekani.

Safisha: usafi uwe kazi ya kila siku. Kwa udongo wetu mwekundu na mvua ya karibu kila alasiri, weka chuma cha kukwangulia matope nje, gunia au zulia la kufutia miguu, na ndoo ya miavuli. Sakafu yenye maji humwangusha mzee.

Sanifisha: utaratibu uwe mmoja kwa wote, hata afisa wa zamu akibadilika.

Shikilia: endelea bila kusukumwa. Hili ndilo gumu zaidi, kwa maana ofisi nyingi hung'aa siku ya ugeni na kurudia hali ya zamani baada ya wiki.

Hatua kwa ofisi ya wadi

Mlango. Bango moja kubwa nje lieleze huduma zilizopo na chumba cha kila moja, kwa Kiswahili rahisi na kwa Kiingereza. Maneno machache ya Ekegusii humsaidia mzee, na salamu ya "Bwakire buya" kutoka kwa anayepokea wageni humtuliza kabla hajaeleza shida yake.

Foleni. Mashine ya nambari si lazima. Vipande vya kadibodi vyenye nambari 1 hadi 50, na ubao wa kuonyesha nambari inayohudumiwa, vinatosha. Nambari inayoonekana haizimwi na kelele ya mvua. Wazee, wajawazito, wagonjwa na watu wenye ulemavu wapewe kipaumbele, na sababu iandikwe ukutani ili wengine wasidhani ni upendeleo.

Sauti. Paa la mabati lisilo na dari hufanya chumba kisisikike mvua inaponyesha. Dari ya mbao laini hupunguza kelele. Kabla fedha hazijapatikana, sogeza meza ya huduma karibu na viti vya wanaongoja, na mashine ya fotokopi iwe chumba kingine.

Mwanga na mandhari. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa waliopasuliwa nyongo na kulala karibu na dirisha lenye miti walitoka mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Vilima vya Gusii vina kijani mwaka mzima. Ondoa kabati lililoziba dirisha, na uweke ubao wa nambari pembeni mwake. Madirisha ya pande mbili yakifunguliwa, hewa pia hupita.

Faragha. Mjane anayeuliza kuhusu shamba la marehemu hapaswi kueleza mambo yake mbele ya watu ishirini. Kiti kimoja kando, nyuma ya kabati au pazia, kinatosha. Kitabu cha wageni nacho kina hatari yake: kikiachwa wazi, kila aingiaye husoma majina, nambari za vitambulisho na za simu za wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa hizo zilindwe.

Ngazi. Ofisi nyingi za kwetu zimejengwa kwenye mteremko. Kipimo kinachokubalika kwa njia ya kiti cha magurudumu ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Kidato cha sentimita 15 kinahitaji njia ya sentimita 180.

Zoezi la nusu saa

Msimamizi wa wadi amwombe mtu ambaye hajawahi kufika katika ofisi hiyo, hasa mzee, atafute huduma moja tangu langoni hadi mwisho. Afisa amfuate kimya akihesabu mara anazouliza njia, mara anazosimama bila kujua la kufanya, na dakika anazongoja. Kila swali linaonyesha bango linalokosekana. Zoezi lirudiwe baada ya miezi mitatu, na hesabu zilinganishwe.

Wajibu wa mkazi

Mkazi atafute mkataba wa huduma ukutani. Mkataba huo huonyesha mahitaji, ada na muda wa kila huduma, usipokuwepo, aulize. Mambo yanayohitaji fedha, kama dari au njia ya viti vya magurudumu, yapelekwe kwenye mikutano ya ushirikishwaji wa umma. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ombi linalotolewa mapema, likitaja ofisi na kasoro yake, lina nafasi bora ya kuingia katika mpango.

Ofisi iliyopangwa hivi humwezesha mama wa Etago kuwasilisha fomu yake, kujua jibu litatoka lini, na kupanda matatu kabla ya mvua.