Ukitaka Kuhamia Unguja, Kaitazame Masika Kwanza

Watu wengi wanaofikiria kuhamia Unguja huja kuikagua mwezi wa Agosti, au mwishoni mwa Desemba watoto wakiwa likizo. Wanakuta upepo mwanana, barabara kavu, bustani ya Forodhani imejaa watu, na mwenye nyumba anawapokea kwenye baraza iliyopakwa rangi juzi. Wanaridhika, wanalipa kodi ya mwaka mzima, kisha Aprili inawakuta ndani ya nyumba wasiyoijua. Mimi nashauri kinyume chake. Kama una nafasi ya safari moja tu kabla ya kuhama, njoo masika, mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeshika.

Sisi tulihama kutoka Dodoma, na kabla ya kuhama tulikuja katikati ya masika. Wazo lilitoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Jang'ombe, jamaa wa mume wangu, tuliyempigia simu atusaidie kutafuta nyumba. "Nyumba zipo, mwanangu," alisema, "lakini njooni na mvua mzione. Kiangazi kila nyumba nzuri." Tulimsikiliza, na tangu hapo kila anayeniuliza namwambia maneno hayohayo.

Mwaka wa kisiwani unakwenda na pepo. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi kutoka kaskazini mashariki. Ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na wafanyabiashara wakakaa hapa miezi kadhaa wakingoja kusi, upepo wa kusini, iwarudishe makwao. Ni msimu wa joto, na Januari na Februari, jua likiwa kali na mvua haba, Waunguja huita chaka. Kuanzia katikati ya Machi upepo unageuka na masika yanaingia, hadi Mei. Kusi ikishashika, Juni mpaka Agosti ni kipupwe: hewa kavu kiasi, usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 22 hivi, na watalii wamejaa. Oktoba hadi Desemba ni vuli, mvua fupifupi. Kalenda hii haisimami imara kila mwaka, lakini wavuvi, wakulima na wenye nyumba wanaifuata hata wasipoitaja.

Mtu wa Dodoma hawezi kuyawazia masika ya Unguja kwa kusimuliwa. Kwetu mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Unguja, Aprili peke yake huweza kupita milimita 300. Na si wingi wa maji tu, ni unyevu usioondoka. Nguo zinakaa kambani siku mbili na bado zina ubaridi. Chumvi inageuka uji ndani ya chupa. Vitabu vinajikunja. Mwenye pumu aje ajipime mwenyewe wakati huu, asije akagundua hali ya kifua chake mizigo ikiwa imeshashushwa bandarini.

Ukiingia ndani ya nyumba, anza na kuta. Nyumba za zamani, hasa za Mji Mkongwe, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hufyonza maji. Hata nyumba za matofali ya saruji, kama msingi haukuzuiliwa maji, unyevu hupanda ukutani toka chini. Pitisha kiganja nyuma ya kabati. Fungua kabati lenyewe unuse, kwa maana uvundo wa nguo hauwezi kufichwa kwa rangi. Tazama pembe za dari kama zina kuvu. Ukiona rangi mpya upande mmoja tu wa chumba, uliza sababu. Kisha toka uani, chuchumaa, utafute mstari wa tope kwenye ukuta wa nje. Mstari huo unakuonyesha maji yalipofika, na masika bado ni mabichi, hakuna aliyepata muda wa kuufuta.

Jambo la pili ni karo, yaani shimo la maji machafu. Sehemu kubwa ya mji iko nje ya Mji Mkongwe, na nyumba nyingi huko hutegemea makaro yao wenyewe. Mvua ikizidi, maji ya ardhini hupanda, karo hujaa haraka, na karo ikijaa uchafu hutafuta njia ya kurudi. Usimuulize mwenye nyumba. Muulize jirani ni mara ngapi kwa mwaka gari la kunyonya maji machafu huingia uani kwao. Kama nyumba ina kisima, pima kwa hatua umbali wake na karo, la nyumba hiyo na la jirani. Wataalamu wa afya hushauri usipungue mita 30. Viwanja vya mjini ni vidogo, mara nyingi umbali huo haupatikani, na ndiyo maana utawaona wenyeji waangalifu wakichemsha maji ya kunywa. Nami nachemsha mwaka mzima.

Halafu fuata njia utakayopita kila siku. Kama una watoto, tembea kwa miguu mpaka skuli, saa wanayokwenda wao, siku ya mvua. Zipo sehemu, kama Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu, ambazo kwa miaka mingi zilijulikana kwa maji kukata barabara, mpaka ikabidi zifanyiwe ujenzi mkubwa. Barabara kuu zimeboreka sana. Tatizo linabaki kwenye vichochoro kati ya lami na mlango wako, na hapo hakuna ramani itakayokusaidia isipokuwa viatu vyako.

Nikuongezee jambo moja ambalo wageni wengi hawalifikirii: chagua wiki ya bamvua. Bahari hapa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Sasa, mitaro ya mvua ya mjini inakwenda kumwaga baharini. Bahari ikijaa wakati wa bamvua na mvua kubwa ikanyesha saa ileile, maji ya mitaro yanakosa pa kwenda, yanabaki mtaani. Nyumba iliyopita salama siku kama hiyo, nitaiamini.

Bamvua itakufundisha pia kuhusu pwani, kama ndoto yako ni kuishi Paje, Bwejuu au Jambiani. Upande huo wa mashariki maji yakipwa huondoka mbali sana, na siku za bamvua hufika chini kabisa karibu saa nne asubuhi. Utaona akina mama wakishuka na kamba na vijiti vyao kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza hapa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukitaka kuogelea saa yoyote, Nungwi na Kendwa, kaskazini, zinakufaa zaidi. Lakini angalia pia jinsi hewa ya chumvi inavyokula bawaba, misumari na nondo za madirisha, na uliza paa la makuti lilibadilishwa lini. Makuti mazuri hayavuji. Makuti yaliyochoka utayajua kwa masika moja tu.

Kwa anayetarajia kuishi kwa kazi ya utalii, masika ni muhimu kuliko yote niliyosema. Hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza wafanyakazi Aprili na Mei. Njoo uone kijiji kinavyotulia, madereva wa teksi wamekaa kivulini, duka la vinyago limefungwa kwa kufuli. Kaa na wahudumu na wapishi uwaulize wanaishije miezi hiyo miwili. Wapo wanaorudi shamba, wapo wanaorudi bara, wapo wanaokopa dukani mpaka Julai. Mshahara unaotajiwa Agosti ugawe kwa miezi kumi na miwili kwanza, ndipo uamue kama unatosha kodi na ada. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu vijana wengi wa bara wanakuja wakiwa na hesabu ya msimu mmoja.

Ukipata safari ya pili, ije Februari. Mchana nyuzi 32 au 33 si ajabu kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Kinachochosha ni usiku, kwa kuwa joto halishuki chini ya 25 kirahisi na hewa imebeba maji. Lala ndani ya nyumba unayotaka kuipanga, au mtaa uleule, usilale hotelini penye kiyoyozi. Utajua kama madirisha yanapokea upepo wa kaskazi au yanatazamana na ukuta wa jirani. Na umeme ukikatika, utajua maisha bila feni. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 giza likarudi kwa miezi mitatu, kaskazi nzima. Pampu za maji nazo zilisimama, watu wakarudi visimani. Waya mpya, mkubwa zaidi, ulianza kazi mwaka 2013, na hali ya leo si ile. Hata hivyo, utaona wenyeji wengi hawakai bila tangi la maji juu ya paa na taa ya jua, na mimi nisingepanga nyumba isiyo na tangi.

Kipupwe, ambacho kila mtu anakisifu, kina kitu kimoja unachopaswa kukiona kwa macho: bahari ya kusi. Kama kazi au wazazi wako watakufanya uvuke kwenda Dar es Salaam mara kwa mara, panda boti mwezi wa Julai. Safari ni ya saa mbili hivi kwa boti ya kasi, na upepo ukiwa mkali wengi hutapika. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, katika upepo mkali na mawimbi, na watu wengi wakafa. Hapakuwa na mwaka mzima tangu meli nyingine, MV Spice Islander, kuzama Septemba 2011. Wenyeji hawalisahau hilo. Safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, kaa utulivu usubiri, na katika bajeti yako weka nauli ya ndege ya dharura. Kusi pia hupunguza samaki wa bahari kuu, maana vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya mwamba, kwa hiyo bei ya soko la Darajani ya Julai usiichukue kuwa bei ya mwaka.

Vuli sina mengi ya kuisema. Ni msimu mzuri, maembe yanaanza kuiva, na haukufunulii kitu ambacho masika hayajakuonyesha.

Ramadhani ni msimu pia, ingawa haufuati jua. Husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2021 na 2022 ilianza Aprili, ndani ya masika, na tangu hapo inarudi kuelekea Januari; mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni na mwishoni. Mikahawa mingi hufungwa mchana, ofisi huwahi kufunga, na mtaa huamka usiku. Asiyefunga hali wala hanywi hadharani, na mavazi ya staha, ambayo ni heshima mwaka mzima, huzingatiwa zaidi. Kama wewe si Mwislamu na hujawahi kuishi katika mji ambao karibu kila jirani amefunga, jitahidi uishi hapa japo wiki moja ya Ramadhani kabla ya kuhama. Mimi nimekaribishwa futari na majirani ambao tulikuwa tumejuana kwa salamu tu, na ni hapo nilipoanza kujiona mtu wa mtaa.

Sasa turudi kwenye safari ya masika. Panga kukaa wiki mbili kama kazi inaruhusu, na usiende ufukweni siku za mwanzo. Nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia (mtaa) unayoitaka. Msalimie, jitambulishe, mwambie unafikiria kuhamia, muulize mgeni anatakiwa kuja na barua gani kutoka anakotoka. Sheha anaijua kila nyumba iliyo tupu, nani ana ugomvi wa mirathi juu ya nyumba ipi, na kichochoro kipi hujaa maji. Mwenye nyumba akikuonyesha hati, iwe na jina lake mwenyewe, au alete ndugu wenzake wote wanaorithi.

Kodi nayo huzungumzika zaidi mwezi wa Aprili, kwa kuwa wapangaji ni wachache. Wengi watataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Toa kiasi kidogo cha kushikilia, upewe risiti, na kwenye mkataba iandikwe ni nani atakayerekebisha paa na kunyonya karo. Omba mkataba uanze Juni, baada ya mafundi kuziba palipovuja, ili usilipie miezi ambayo bado unafunga mizigo kwenu.