Vijana Watatu wa Njia Panda

Makambako ni mji wa njia panda. Uko katika Mkoa wa Njombe, Tanzania. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo. Barabara ya kwenda Njombe na Songea huanzia hapo. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1970, na ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Palipo na njia panda pana wasafiri. Palipo na wasafiri pana biashara. Kwa hiyo vijana wa vijijini huja mjini kutafuta kazi. Wengine huipata. Wengine hukaa tu. Asubuhi wako standi, jioni wako standi. Ukiwauliza wanangoja nini, hawajui.

Tusome habari za vijana watatu wa mji kama huo. Habari hizi zimetungwa ziwe mfano. Lakini mambo yenyewe hutokea katika miji mingi midogo.

1. Dereva

Kijana wa kwanza ni dereva wa bodaboda. Alimaliza darasa la saba. Baba yake ana shamba dogo la mahindi, na watoto ni sita. Shamba halikutosha kugawanywa. Kijana akaenda mjini.

Huko alipata pikipiki kwa mkataba. Atamlipa mwenye pikipiki shilingi 8,000 kila siku ya kazi. Baada ya miezi 13 pikipiki itakuwa yake. Mwenye pikipiki alimpa karatasi atie sahihi. Kijana alijua kusoma, lakini alisoma polepole. Aliona haya kusoma polepole mbele ya tajiri. Akatia sahihi bila kusoma.

2. Mpiga debe

Kijana wa pili ni mpiga debe. Huita abiria wapande basi, na kondakta humlipa kidogo. Alifika kidato cha nne, lakini hakufaulu mtihani. Nyumbani alisema kuwa yeye ni karani katika ofisi ya mabasi. Kwa sababu ya uongo huo hakwenda nyumbani miaka miwili. Fedha aliyoipata mchana aliimaliza usiku. Nyingine alikunywa pombe, nyingine alibeti mpira.

3. Binti

Wa tatu ni binti. Aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Mtoto anakaa kijijini na bibi yake. Binti anafanya kazi kwa mama lishe. Anaamka saa kumi usiku kuwasha moto.

Binti huyu alikuwa na mpango. Alicheza mchezo wa kupokezana fedha na wanawake wenzake. Walikuwa 10. Kila mmoja alitoa shilingi 15,000 kila wiki. Zamu yake ilipofika alipata shilingi 150,000. Alitaka kununua cherehani kuukuu.

4. Maisha yao yanakutana

Mpiga debe na binti walikuwa wapenzi. Mpiga debe na dereva walikuwa marafiki. Walikula pamoja kwa mama lishe.

Siku binti alipopata fedha yake, mpiga debe alimwambia, "Niazime kwa siku mbili tu. Nitakurudishia na ziada." Binti akampa. Hawakuandikiana. Hapakuwa na shahidi. Mpiga debe alibeti fedha yote, akaliwa.

Aliogopa kumwambia binti. Alikwenda kwa dereva, akasema, "Kaka, nipe pikipiki usiku huu. Nina shida ya fedha." Hakusema ni shida gani. Hakuwa na leseni. Dereva alimwonea huruma, akampa funguo.

Saa nne usiku mpiga debe alianguka kwenye kona. Mguu ulivunjika. Pikipiki ilipinda mbele. Ilikaa kwa fundi siku nne. Katika siku hizo nne dereva hakuwa na fedha ya kumlipa mwenye pikipiki.

Siku ya tano mwenye pikipiki alikuja na karatasi. Iliandikwa hivi: dereva asipolipa siku tatu mfululizo, pikipiki itachukuliwa, na fedha iliyokwisha kulipwa haitarudishwa. Dereva alikuwa amelipa kwa miezi 10. Sasa alisoma karatasi ile kwa mara ya kwanza, polepole, mpaka mwisho.

Kwa hiyo mmoja alipoteza pikipiki, mwingine alipoteza cherehani, na wa tatu alivunjika mguu. Shida ilianza kwa mmoja, ikawafikia wote watatu.

5. Watu walisema nini?

Watu wa standi walisema, "Hawa ni wazururaji. Wafukuzwe mjini."

Maneno hayo si mapya. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria iliyojulikana kama Sheria ya Nguvu Kazi. Watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini walikamatwa, wakapelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini. Mtu aliyekimbia shamba dogo, akirudishwa kwenye shamba lile lile bila jembe jipya wala mbegu, ataondoka tena.

Tena tuangalie vizuri. Je, vijana hawa watatu walikuwa wavivu? Dereva alifanya kazi tangu alfajiri. Binti aliamka saa kumi usiku. Hata mpiga debe alisimama juani kutwa. Walikosa vitu vingine. Dereva hakusoma mkataba. Mpiga debe hakuwa na mpango wa fedha. Binti alikuwa na mpango, lakini alikopesha bila maandishi. Na kila mmoja alificha shida yake mpaka ikawa kubwa.

6. Mama lishe anawakalisha

Mama lishe aliwaita wote watatu. Alisema, "Wanangu, kila mmoja aseme ukweli hapa. Mimi nitasikiliza."

Walisema. Binti alilia. Dereva alikasirika sana, akataka kuondoka. Mama alimwambia, "Kaa, baba. Ukiondoka leo, hasara itabaki yako peke yako."

Kisha mama alileta daftari. Mpiga debe aliandika kwa mkono wake: nimekopa shilingi 150,000, nitalipa shilingi 5,000 kila wiki. Binti alitia sahihi. Mama alitia sahihi kama shahidi. Mpiga debe alipewa kazi ya kukaa, kuchambua maharage na kupokea fedha za wateja, mpaka mguu upone. Deni la dereva lilikuwa kubwa mno. Waliandika kuwa watalizungumza mguu ukipona. Pikipiki haikurudi.

Mama pia alimpigia simu baba wa mpiga debe. Mzee alikuja kwa basi la asubuhi. Kijana aliinamisha kichwa. Mzee akasema, "Mwanangu, tulijua siku nyingi kuwa wewe si karani. Abiria wa kijijini kwetu walikuona standi. Tulikuwa tunangoja uje mwenyewe utuambie."

Kama wazee wangemwita mapema, huenda kijana angerudi nyumbani mapema. Hilo ni funzo kwa wazazi pia. Kijana akinyamaza, mzazi asinyamaze.

7. Njia zilizopo

Ndugu msomaji, kijana asiye na kazi anaweza kuulizia mambo haya:

Mafunzo ya ufundi. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vyake hufundisha ushonaji, uashi, useremala, ufundi wa magari na kazi nyingine.

Kurudi shule. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inawaruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi kusoma.

Mikopo ya vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ni ya vijana na 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikaanza tena mwaka 2024. Mwulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kumbuka: mkopo usio na riba bado ni deni. Lazima ulipwe.

Njia hizi hazimfikii kila kijana. Lakini asiyeuliza hazimfikii kabisa.

Maneno ya kujifunza

Mkataba: mapatano ya watu wawili au zaidi, mara nyingi huandikwa.
Mfululizo: moja baada ya nyingine bila kukatika.
Shahidi: mtu aliyeona au kusikia jambo, anayeweza kulieleza.
Riba: fedha ya ziada anayolipa mkopaji.
Mzururaji: mtu anayetembea ovyo bila kazi maalumu.

Maswali

1. Kwa nini dereva hakusoma mkataba?
2. Kwa nini mpiga debe hakwenda nyumbani?
3. Binti alifanya jambo gani zuri? Alikosea wapi?
4. Je, dereva alifanya vibaya kumwonea rafiki yake huruma? Jadilianeni.
5. Katika kijiji chenu, nani amekwenda mjini na hajarudi? Nani amewahi kumwuliza hali yake?

Hesabu

1. Dereva alilipa shilingi 8,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 10. Alilipa shilingi ngapi zote?
2. Deni la binti ni shilingi 150,000. Likilipwa shilingi 5,000 kila wiki, litakwisha baada ya wiki ngapi?

Kazi ya kuandika

Andika hati fupi ya kukopeshana fedha. Taja jina la mkopaji, jina la mkopeshaji, kiasi, siku ya kulipa na shahidi. Mpe mwenzako aisome kwa sauti mpaka mwisho. Hata akisoma polepole, msikilize. Mtie sahihi baada ya kusoma.

Majibu ya hesabu: (1) Shilingi 2,080,000. (2) Wiki 30.