Taarifa muhimu usiiachie stori peke yake

Mwaka jana nilikuwa naandika madeni ya dukani kwenye programu ya simu. Aliyeitengeneza ni kijana tu kama sisi, anajitegemea. Akabadilisha mfumo, akatangaza kwenye stori ya Instagram kwamba kila mtu ahifadhi kumbukumbu zake kabla ya Ijumaa. Wiki ile mimi niko Kariakoo nafuata mzigo, Insta sijafungua. Jumamosi nafungua programu, madeni yote hayapo. Vitenge vya watu kumi na moja, nani kalipa nani bado, sijui.

Angeweka tangazo ndani ya programu yenyewe, ningeliona tu. Ila sikumlaumu sana, maana na mimi wateja wangu nilikuwa nawafanyia hivyohivyo. Stori inakaa masaa 24 inapotea. Posti nayo haimfikii kila anayekufuata. Na tarehe 4 Oktoba 2021, si mnakumbuka? Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima pamoja karibu masaa sita.

Mzigo mpya, ofa, utani na wateja, weka huko huko. Lakini umebadilisha namba ya malipo, au oda ya mtu imechelewa? Mtumie SMS yeye mwenyewe. Ile broadkasti ya WhatsApp haimfikii ambaye hajasevu namba yako, kwa hiyo mwombe asevu siku ileile anayolipia. Yake andika kwenye daftari la karatasi. Langu liko chini ya kaunta.