Mhanga mbele ya Korti: Ana Haki Gani?

Katika kambi za wakimbizi wa ndani swali hili linarudi mara kwa mara: "Nikienda kortini, ninaenda kama shahidi?" Si lazima. Tuanze hapo, maana wengi wamenyamaza kwa sababu ya kuchanganya mambo hayo mawili.

Shahidi anaitwa na upande mmoja wa kesi, au na majaji. Anaapa, anasema aliyoyaona, kisha anahojiwa na mawakili, na wale wa mshitakiwa hawamhurumii. Mhanga anayeshiriki haitwi na mtu. Anaomba mwenyewe, kwa hiari, kwa sababu aliumizwa. Kifungu cha 68 cha Mkataba wa Roma wa 1998 kinampa nafasi ya kuwaeleza majaji maoni na mahangaiko yake, bila kuvunja haki za mshitakiwa. Kwa kawaida wakili ndiye anayesema kwa niaba yake, na yeye anabaki kwao. Asiye na uwezo anaweza kulipiwa wakili na Korti. Fomu ni ya bure. Mtu akiwaomba pesa kwa ajili yake, anawadanganya.

Wakongomani ndio waliofungua njia hiyo. Tarehe 17 Januari 2006 majaji wa CPI, kule La Haye, walikubali wahanga sita wa kwanza, wote kutoka Kongo.

Kuna mpaka ambao viongozi wanapaswa kuueleza mapema. Mhanga anaingia katika kesi ikiwa tu madhara yake yanatokana na makosa yaliyoandikwa katika mashitaka. Thomas Lubanga alishitakiwa kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Basi mama wa Ituri ambaye nyumba yake ilichomwa na wapiganaji hao hakuwa na nafasi katika kesi ile. Uchungu huo tunauelewa. Kesi ya Bosco Ntaganda, aliyehukumiwa 2019, ndiyo iliyogusa pia mashambulizi ya vijiji.

Na fidia? Katika kesi ya Germain Katanga, Machi 2017, wahanga 297 wa shambulizi la Bogoro walipewa dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya makao, masomo na matunzo ya moyo. Dola 250 hazijengi nyumba. Majaji wenyewe waliziita fidia ya ishara. Katanga hakuwa na mali, kwa hiyo Mfuko wa Wahanga ndio uliotoa pesa.

Katika korti za kijeshi za Kongo, mhanga anaweza kudai fidia ndani ya kesi ileile ya jinai. Lakini hukumu nyingi zimebaki kwenye karatasi. Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa, FONAREV, kwa ajili hiyo.

Viongozi wa kambi, saidieni familia kutunza karatasi za hospitali na kadi za mpiga kura. Aliyepoteza vyote asikate tamaa: katika kesi ya Lubanga, maneno yaliyotiwa sahihi na mashahidi wawili yalikubaliwa kuthibitisha mtu ni nani. Orodha ya majina ya wahanga isisomwe mbele ya watu, wala isilale mahali pasipo na kufuli.